UZI: Boljointi ya mbele ya kwadi. Ya kwanza ilikaa wiki tatu, ya pili inamaliza mwaka

Mchanga_wa_Mambrui (Malindi)

Salaam kwenu nyote.

Kazi yangu ni kukodisha kwadi, hizi pikipiki za magurudumu manne, upande wa Mambrui. Wageni huzipanda kwenye vilima vya mchanga, na wanaotaka safari ndefu tunawapeleka Marafa wakaone korongo la Nyari jua likitua. Ninazo tatu, za Kijapani, zote mtumba, na kila moja nimeifungua kwa mikono yangu zaidi ya mara moja. Leo nataka tuzungumze kitu kinachoenea kiganjani: boljointi ya mkono wa chini wa mbele, yaani kiungo cha gololi kati ya gurudumu na ule mkono wa chuma unaolishikilia kwenye fremu. Nimekuwa nikiuahirisha uzi huu tangu kusi iliyopita. Jana nikaona kwadi ya jirani inatoka na mgeni huku mpira unaofunika boljointi umening'inia kama tambara, nikasema leo silali kabla sijaandika.

Yaliyonipata ni haya. Jioni moja nilikuwa narudi peke yangu, mwendo wa pole, daraja la Sabaki liko mbele yangu. Usukani ulikuwa unavuta kushoto tangu asubuhi, nami nikadhani ni upepo wa tairi. Nikasikia "tak!", pua ya kwadi ikachimba chini na gurudumu la kushoto likalala ubavu chini ya madigadi. Sikuumia. Lakini saa moja nyuma, kwadi hiyohiyo ilikuwa kileleni mwa kilima cha mchanga ikiwa na mama na mtoto wake wa miaka tisa. Nilikaa kando ya barabara mpaka giza likaingia, nawaza hilo tu.

Na boljointi ile ilikuwa mpya! Wiki tatu. Niliwekewa kwenye gereji moja mjini kwa sababu wakati huo sikuwa na vifaa. Nilikuta imeshaingia, nikalipa, nikaondoka. Baada ya mkasa niliitoa nikaikata kwa msumeno ili nijue imekufa kwa nini. Mpira ulikuwa na mchaniko wa urefu wa ukucha, upande wa ndani ambao huwezi kuuona ukiwa umesimama. Grisi ilikuwa imegeuka rojo la kijivu, nikilisugua kwa vidole linakwaruza kama msasa. Na kwenye kifuniko cha chini, katikati kabisa, kulikuwa na alama tatu za nyundo, zimebonyea na kung'aa.

Alama hizo ndizo zilizonifungua macho. Boljointi ni gololi ya chuma yenye shina, imekalishwa ndani ya kikombe chenye bitana ya plastiki, ikapakwa grisi, ikafunikwa. Ndiyo inayouacha mkono upande na kushuka huku gurudumu likigeuka kulia na kushoto. Ukiigonga katikati ya kifuniko, unaisukuma gololi ndani ya plastiki yake. Inakaza, inakuwa nzito kugeuka, bitana inachubuka, na grisi inakimbia. Yangu iliuawa siku ileile ilipowekwa. Mchanga ulikuja kumalizia.

Kwa hiyo ya pili niliiweka mwenyewe, nayo inamaliza mwaka sasa, kazi ileile, mchanga uleule. Nitaeleza nilivyofanya.

Kwanza uwe na hakika kuwa mgonjwa ni boljointi. Inua mbele, weka stendi imara chini ya fremu, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise kama unayeng'oa kigingi. Mwenzako aweke kidole kwenye maungio, nusu kwenye mkono na nusu kwenye ile stabu inayobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Plei, yaani kule kulegea na kucheza, ikiwepo, kidole kitaisikia kabla jicho halijaiona. Kisha shika tairi kulia na kushoto; likicheza hivyo tu, nenda kaangalie tairodi, ile fito inayotoka kwenye usukani.

Kufungua. Nati za gurudumu zilegeze tairi likiwa bado chini. Toa gurudumu, toa kalipa ya breki uifunge kwa waya kwenye fremu. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Vuta spliti pini, ile pini ya miguu miwili inayozuia nati isijifungue, kisha ilegeze ile nati yenye mapengo kama taji, ila USIITOE. Irudishe mpaka iwe sawa na ncha ya shina. Shina limechongwa kama koni na limeng'ata ndani ya tundu la stabu, likiachia huachia kwa kishindo. Nati ndiyo itakayoudaka mkono, na ndiyo itakayozilinda nyuzi za shina.

Hapa ndipo wengi huharibu. Hugonga ncha ya shina, au huchomeka ule uma wa chuma wa kutenganishia maungio na kuupiga mpaka mpira uchanike. Kama boljointi unaitupa, uma hauna neno. Kama unaitoa ili ufike kwenye kitu kingine na utairudisha, uma umeshaiua. Mimi hugonga ubavu wa stabu, pale pale shina lilipopita. Nyundo ya kilo moja, mapigo mawili matatu ya nguvu, makavu. Chuma kinashtuka, koni inaachia.

Boljointi ya kwadi hii imeshindiliwa ndani ya mkono na kuzuiwa na saklipi, ile pete ya chuma yenye pengo inayokaa mferejini. Vaa miwani kabla ya kuigusa saklipi. Ikiruka inalenga uso. Safisha kutu kwenye mfereji wake kwanza, kisha ifungue kwa koleo yake. Ukiitoa kwa bisibisi unaipinda, na saklipi iliyopinda hairudi kazini.

Kushindilia sasa. Vaisi kubwa (jiliwa) na soketi mbili. Soketi pana inakaa upande inakotokea boljointi, uwazi wake uwe mkubwa kuliko boljointi yenyewe. Nyembamba inakaa upande wa kusukuma. Kaza polepole. Ya zamani ikitoka, sugua tundu kwa msasa laini mpaka ling'ae, pitisha kidole uone kama lina mkwaruzo au limekuwa la yai.

Kuweka mpya: ilale usiku kucha kwenye friza, ndani ya mfuko. Asubuhi chemsha birika la maji, umimine kwenye tundu la mkono, ufute haraka, kisha ushindilie. Baridi inaisinyaza boljointi kidogo na moto unalipanua tundu kidogo, na hicho kidogo ndicho unachokihitaji. Soketi ya kusukuma ikae kwenye UKINGO wa boljointi, kwenye pete ya chuma. Katikati pasiguswe na kitu. Narudia kwa sababu ndipo pesa yangu ilipopotelea: katikati pasiguswe. Sukuma mpaka mfereji wa saklipi uonekane wote mzunguko mzima, uweke saklipi, uizungushe kwa ncha ya koleo. Ikizunguka imekaa. Isipozunguka kuna mahali haijaingia.

Shina na tundu la stabu vifutwe viwe vikavu. Koni haipakwi grisi. Nati kaza kwa kipimo cha kitabu cha kwadi yako. Changu kinataka 30 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ambayo ni ndogo mno kwa mkono uliozoea magari. Tundu la spliti pini lisipolingana na pengo la nati, kaza kidogo mbele mpaka pengo linalofuata. Kulegeza ili kulenga tundu ni haramu. Spliti pini mpya kila mara.

Maswali karibuni.

Dada_wa_Watamu

Asante kaka, hiyo ya mama na mtoto imenigusa. Mimi naongoza wageni na kwadi mbili za bosi. Swali: nimetikisa juu na chini kama ulivyosema, plei ipo, lakini aliyekuwa akinisaidia hakuwa na hakika anaisikia wapi. Nitajuaje kama ni beringi ya gurudumu na si boljointi?

Mchanga_wa_Mambrui

Swali zuri dada. Mwambie akubanie breki ya mbele kwa nguvu, kisha tikisa tena. Breki inalifunga gurudumu na stabu viwe kitu kimoja. Plei ikipotea, ilikuwa beringi. Ikibaki vilevile, ni boljointi au bushi za mkono. Bushi utaziona kwa kutazama mkono ulikoshikana na fremu: ukitikisa, mkono wote unacheza pembeni.

Fundi_Kisumu_Ndogo

Mwanangu Mchanga, umeandika vizuri, nami niongeze kwa sababu nimekaa kwenye kazi hii tangu hizi kwadi hazijajaa pwani.

Kugonga ubavu wa stabu ni sawa, lakini tumia nyundo mbili. Moja nzito uiegemeze upande wa pili, itulie tu pale. Nyingine igonge upande huu. Bila ile ya kuegemeza, nguvu yote inapotelea kwenye mikono na springi, utapiga mpaka jasho likutoke. Na ukiwa na stabu ya aluminiamu, ambayo kwadi nyingi za siku hizi zinayo, usigonge kabisa. Tafuta pula ya kusukuma shina. Aluminiamu inabonyea, na wakati mwingine inapasuka bila kukuonyesha.

Friza sina ugomvi nayo, ila boljointi ikitoka kule na joto letu hili inavaa umande papo hapo. Ifute, upake tundu mafuta mepesi, tone moja tu, ndipo uishindilie. Ukiacha umande ndani umepanda kutu mwenyewe.

Na la mwisho: moto wa gesi nimeuona ukitumika sana hapa mjini kupanua tundu. Mkono ukawa mwekundu. Chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu kimeshabadilika, siku nyingine kitapinda kwenye shimo dogo tu. Maji ya birika yanatosha.

Mchanga_wa_Mambrui

Shukran mzee wangu. Ya nyundo mbili nitaitumia, na ya umande sikuijua.

Gongoni_Kwanza

Jamani, huku Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi tuna kwadi mbili za kukagulia mabwawa. Maji ya chumvi kila siku. Boljointi hazimalizi miezi minne. Mara ya mwisho ya kulia ilikuwa inalegea ndani ya tundu, fundi akaipiga weldi nukta nne pembeni. Imetulia. Je, si njia ya mkato nzuri kwa sisi wa chumvini?

Fundi_Kisumu_Ndogo

Hapana, kijana wangu. Ndani ya ile boljointi kuna plastiki na grisi, na juu yake kuna mpira. Weldi inavipika vyote vitatu. Inatulia kwa sababu imeganda, na boljointi iliyoganda inaisukumia kazi yake kwenye shina, mpaka shina likatike. Tena siku ya kuibadilisha utaikata kwa grainda, na tundu utaliharibu. Kama boljointi mpya inaingia kwa kidole bila kushindiliwa, tundu limekwisha. Badilisha mkono. Kuna modeli ambazo kampuni yenyewe huuza mkono na boljointi yake kama kitu kimoja.

Mchanga_wa_Mambrui

Naunga mkono kila neno. Gongoni, kaka, nakuomba: hiyo yenye weldi isipande tuta na mtu juu yake kabla hujaibadilisha. Nimeshaona gurudumu likilala.

Kuhusu chumvi, mnaioshaje?

Gongoni_Kwanza

Kwa mashine ya presha, kila jioni. Tena tunaosha sana kule chini ndiko kunakojaa chumvi.

Mchanga_wa_Mambrui

Basi hapo ndipo miezi yenu inapopotea. Mdomo wa mpira wa boljointi unakaa kwenye shina kwa kubana tu. Grisi haitoki na mchanga hauingii kwa sababu ya mbano huo mdogo. Ukielekeza maji ya presha pale, mdomo unafunguka, maji ya chumvi yanaingia, unajifunga, yanabaki ndani usiku kucha. Mimi nilikuwa nafanya hivyohivyo nikitoka ufukweni. Sasa natumia mpira wa bustani, maji baridi yasiyo na chumvi, yatiririke tu kwa muda mrefu. Chumvi inayeyuka, haihitaji kupigwa. Kisha nalala chini na tochi, nabonyeza kila mpira kwa kidole gumba mzunguko mzima. Ukitoa maji au ukitoa grisi, umechanika. Dakika tano kwa kwadi.

Ukiukamata mchaniko mapema, grisi ikiwa bado ina rangi yake na plei hakuna, unaweza kubadilisha mpira peke yake kama unapatikana. Grisi ikishakuwa kijivu usijidanganye.

Na kwa kuwa tumetaja ufukwe: wenzangu wa kazi, msipite juu kwenye mchanga mkavu ambako kasa huja kutaga. Hili si la boljointi, najua, lakini mayai yapo chini ya mchanga na tairi halijui. Pitieni chini kwenye mchanga wa maji kupwa, halafu mwoshe kama nilivyosema.

Dada_wa_Watamu

Hilo la kasa asante sana kulisema. Hapa Watamu tunalipigania kila msimu.

Nimefanya jaribio la breki. Plei imebaki. Kwa hiyo ni boljointi. Nimemwambia bosi, kwadi imesimama. Hakufurahi, ila imesimama.

Mtanga_Mjini (Tanga)

Wakuu habari za huko. Ya kwangu ni ya Kimarekani, haina nati ya mapengo. Shina ni la mviringo, limeingia kwenye stabu na bolti inapita ubavuni kulibana. Nimetoa bolti, halitoki. Nigonge?

Fundi_Kisumu_Ndogo

Usigonge ndugu yangu. Hiyo haina koni, imebanwa tu kama kola. Hakikisha kwanza bolti umeitoa yote nje, kwa sababu shina lake lina mfereji na bolti hupita humo. Ukiilegeza tu, bado imelizuia. Kisha chukua tindo bapa, uiingize kwenye ufa wa ile kola, uipanue nywele moja tu. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, acha saa moja, uvute mkono chini kwa upau huku mwenzako akiichezesha stabu. Wakati wa kurudisha, shina liingie mpaka mfereji ulingane na tundu la bolti, na bolti ipite bila kulazimishwa. Ikikataa kupita, shina halijafika.

Mtanga_Mjini

Bolti ilikuwa nusu, mkuu. Niliilegeza tu. Imetoka. Ahsante sana.

Mkulima_Mpeketoni (Lamu)

Nawasoma tangu jana. Mimi niko Mpeketoni, kwadi ni ya shamba, navutia kitrela cha mahindi na mapapai. Boljointi ya kushoto imekufa kabisa, mpya ninayo mkononi, ilikuja na basi. Tatizo langu: vaisi sina, na aliye nayo karibu ni ile ndogo ya meza. Nyundo ninayo. Baada ya kusoma uzi huu naiogopa nyundo. Nifanyeje?

Mchanga_wa_Mambrui

Umefanya vyema kuuliza, kaka. Kuna njia, nami nimeitumia siku umeme wa gereji ulipokatika na vaisi ilikuwa imefungiwa ndani. Inafaa zaidi ukiwa umeutoa mkono kwenye kwadi.

Tafuta chuma chenye umbo la herufi C, ile klempu kubwa ya maseremala wa majahazi au ya weldi. Kama hakuna, tafuta bolti mbili ndefu zenye nati, urefu wa shubiri na nusu, na vipande viwili vya bamba nene vilivyotobolewa mashimo pembeni. Bamba moja juu, moja chini, bolti pembeni kulia na kushoto. Ni vaisi ya kujitengenezea. Upande wa kupokea weka kipande cha bomba la chuma, kipana kuliko boljointi. Upande wa kusukuma weka kipande cha bomba kinacholala kwenye ukingo wake tu. Ncha za mabomba zikatwe sawasawa, tambarare. Ukikata mshazari, boljointi inaingia mshazari na tundu linachanika.

Kaza bolti hii robo mzunguko, ile robo mzunguko. Angalia kila mara kama inaingia wima. Ikianza kulala, simama, irudishe, uanze upya. Usiilazimishe.

Fundi_Kisumu_Ndogo

Paka grisi nyuzi za hizo bolti, mwanangu. Zikiwa kavu zitakula nguvu zako kabla ya boljointi.

Mkulima_Mpeketoni

Nimeelewa. Mabamba nitakata kwa jamaa wa weldi. Nitaleta majibu.

*(Siku mbili baadaye)*

Mkulima_Mpeketoni

Imeingia! Nilianza saa tatu asubuhi, nikamaliza adhuhuri ya kesho yake. Kutoa ya zamani ndiko kulikonichelewesha; kutu ilikuwa imeishika, nikaiacha na mafuta usiku mzima. Mara ya kwanza kushindilia mpya ililala kidogo, nikakumbuka maneno yako, nikairudisha. Mara ya pili ikaenda wima mpaka mfereji ukatokea. Saklipi inazunguka. Tundu lilikuwa zima.

Nimeijaribu shambani bila kitrela, mwendo wa mguu kwanza, kisha nikaongeza. Nimegeuza usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, mpira wa breki haugusi popote. Usukani umekuwa mwepesi hata mke wangu ameuona tofauti alipoipeleka kisimani.

Jambo moja: matairi yanaonekana kama yanatazamana kidogo mbele. Ni kawaida?

Mchanga_wa_Mambrui

Hongera sana kaka, moyo wangu umetulia.

Kutazamana kidogo ni kawaida, lakini pima. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwa kimo cha katikati ya habu. Pima kutoka alama hadi alama. Sukuma kwadi mpaka alama hizo zizunguke nyuma kwa kimo kilekile, upime tena. Tofauti ya milimita chache, mbele pakiwa padogo kuliko nyuma, ni sawa. Kitabu cha kwadi yako kitasema ngapi. Ikizidi, rekebisha kwa tairodi, pande zote mbili kwa kiasi sawa.

Ukishatembea siku moja ya kazi, lala chini na tochi. Bonyeza mpira. Tazama nati.

Mkulima_Mpeketoni

Nimepima: mbele ni pungufu kwa milimita sita. Kitabu kinaruhusu mpaka kumi. Nati haijasogea, na mpira ni mkavu.

Fundi_Kisumu_Ndogo

Na spliti pini, ulirudisha ya zamani?

Mkulima_Mpeketoni

Mpya, mzee wangu. Zilikuja mbili na basi lilelile. Moja imo, miguu yake nimeikunja kulia na kushoto. Nyingine nimeitundika msumarini kwa ajili ya upande wa kulia. Mpira wake jana umetoa maji.